Prednisoloni ya 5 mg: kidonge kinachokushusha vizuri hadi miligramu 10, kisha kinaanza kukupa shida

Kinachopimwa hapa ni kidonge kimoja tu, prednisoloni ya miligramu 5, dawa ya kundi la steroidi inayotuliza uvimbe na maumivu yake. Mara nyingi ni kidogo, cheupe, cha duara. Kinahesabiwa kutoka kwenye kopo la vidonge 1,000 na kutiwa kwenye kimfuko, au kinauzwa kwenye karatasi za vidonge kumi kumi. Kimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, bei yake ni nafuu, na kuanzia Mombasa hadi Mwanza ni rahisi kukipata.

Uwezo wake wa kutuliza ugonjwa hatuupimi, kwa sababu hauna ubishi. Mwaka 1948 Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walimpa kotisoni, steroidi iliyoitangulia prednisoloni, mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa amelemaa kwa maumivu, na siku chache baadaye akawa anatembea. Dawa ilipopunguzwa, maumivu yakarudi. Prednisoloni ilipoingia sokoni mwaka 1955 ilikuja na nguvu zaidi na chumvi kidogo zaidi mwilini, lakini tabia ile ile. Kwa hiyo tunakipima kidonge hiki kwa kazi iliyo ngumu zaidi: kumtoa mtu mwenye lupus (kinga ya mwili inapoushambulia mwili wenyewe), baridi yabisi ya viungo au ugonjwa mwingine sugu wa uvimbe kutoka dozi kubwa hadi ndogo, au hadi sifuri, bila ugonjwa kuamka na bila mwili kuzimika.

Hukumu yetu ni hii. Kutoka miligramu 40 kwa siku hadi 20 ni kidonge bora. Kutoka 20 hadi 10 ni kizuri, mradi kina mstari wa kukatia katikati. Chini ya 10 ni kikubwa mno kwa kazi hiyo, na anayekitumia peke yake bila mpango ndiye tunayemwona akirudi kliniki ugonjwa ukiwa umewaka upya. Ratiba ya mgonjwa inatoka kwa daktari wake. Yaliyo hapa ni ya kumsaidia kuielewa ratiba hiyo, kuhesabu vidonge vyake sawasawa na kujua la kuuliza.

Kwa nini haikatwi ghafla

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza kortisoli, homoni inayoshikilia presha, sukari na nguvu za mwili, hasa mtu anapougua. Kiasi ambacho mwili hutengeneza kwa siku kinalingana na takriban miligramu 4 hadi 6 za prednisoloni. Ukimeza zaidi ya hapo kila siku, ubongo unaona damu ina steroidi ya kutosha na unaacha kuziamrisha tezi. Baada ya wiki tatu au nne hivi, tezi zinaweza kuwa zimelala kiasi kwamba dawa ikiondolewa leo, kesho hakuna cha kuziba pengo.

Hapo kuna jambo linalowachanganya wengi. Aliyepewa miligramu 40 kwa siku tano kwa ajili ya pumu hahitaji kushushwa; anaweza kuacha siku ya mwisho. Aliyemeza miligramu 7.5 tu lakini kwa miezi minane, huyo ndiye asiyethubutu kuacha ghafla. Muda una uzito kuliko ukubwa wa dozi, na hili halijaandikwa popote kwenye kimfuko cha dawa.

Hesabu ya kushuka

Kidonge kimoja ni miligramu 5 siku zote, lakini uzito wa kukiondoa haubaki ule ule. Kutoka 40 kwenda 35 umeondoa sehemu moja ya nane ya dozi. Kutoka 20 kwenda 15 umeondoa robo. Kutoka 10 kwenda 5 umeondoa nusu nzima, na kutoka 5 kwenda sifuri umeondoa yote. Mgonjwa aliyeshuka vizuri kwa kuondoa kidonge kimoja kimoja anaamini ameijua njia, anafika 10, anaondoa kingine kama kawaida, na wiki ya pili hawezi kufunga vifungo vya shati.

Mwongozo wa pamoja wa vyama vya mabingwa wa homoni vya Ulaya na Marekani uliotoka 2024 unapendekeza mwendo unaozingatia hilo. Juu ya 40, punguza 5 hadi 10 kila wiki. Kati ya 40 na 20, punguza 5 kila wiki. Kati ya 20 na 10, punguza 1 hadi 2.5 kila baada ya wiki moja hadi nne. Kati ya 10 na 5, punguza 1 tu kwa kila hatua. Huo ni mwendo wa kulinda tezi, na unadhani ugonjwa wenyewe umetulia. Ugonjwa unaweza kudai polepole zaidi, na mara nyingi hudai.

Tuchukue mfano wa mtu anayeanzia 40 na kuona atahitaji vidonge vingapi, kwa sababu kuishiwa katikati ya ratiba ni chanzo kikubwa cha matatizo. Wiki moja kila kiwango: 40, 35, 30, 25, 20. Hizo ni wiki tano na vidonge 210 vya 5 mg. Kisha wiki mbili mbili kwa 17.5, 15, 12.5 na 10: wiki nane na vidonge 154. Kufikia hapo ametumia vidonge 364 na miezi mitatu, na kidonge chetu kimefanya kazi bila lawama. Kutoka 9 hadi 1, akishuka miligramu moja kila wiki nne, zimebaki wiki 36. Jumla ni wiki 49, karibu mwaka mzima, na sehemu kubwa ya mwaka huo iko chini ya miligramu 10, mahali ambapo kidonge cha 5 mg hakimfai peke yake.

Anayeweza kupata vidonge vya 1 mg ajihesabu mwenye bahati. Kwa 9 anameza kimoja cha 5 na vinne vya 1, kwa 8, kimoja na vitatu, na kuendelea. Kutoka 9 hadi 1 atahitaji vidonge 560 vya 1 mg na 140 vya 5 mg. Agizo la namna hiyo lipelekwe duka kubwa la dawa au famasia ya hospitali ya rufaa mapema, wiki kadhaa kabla ya kufika 10, kwa sababu maduka mengi hayaweki 1 mg rafuni, huiagiza. Wenye ndugu Marekani wakati mwingine huletewa prednisoni badala ya prednisoloni. Miligramu kwa miligramu ni sawa, kwani ini huigeuza prednisoni kuwa prednisoloni. Ni mwenye ini lililochoka tu anayepaswa kubaki na prednisoloni.

Ukiwa na 5 mg pekee

Wengi hawaipati 1 mg, kwa hiyo tunakaa hapa kidogo.

Kwanza angalia kidonge chenyewe. Chenye mstari katikati kimetengenezwa kukatwa: kiweke mezani mstari ukitazama juu, bonyeza pande zote mbili kwa vidole gumba, kitavunjika nusu mbili za miligramu 2.5. Kisicho na mstari kikatwe kwa kikata vidonge, kile kiboksi cha plastiki chenye wembe ndani ya kifuniko. Kisu cha jikoni kinakisaga na kuacha unga mezani, na unga huo ndio dawa. Chenye ganda gumu la kukipitisha tumboni bila kuyeyuka hakikatwi kabisa. Ukipewa hicho kwa ajili ya kushuka dozi, rudi dukani ukiombe cha kawaida.

Nusu mbili hazilingani sawasawa, hata ukikata kwa uangalifu. Dawa ya hilo ni kumeza nusu ya kwanza leo na nusu ya pili ya kidonge hicho hicho kesho, usichanganye nusu za vidonge vingi kwenye chupa moja. Kata vya siku chache tu, hasa pwani, maana hewa yenye unyevu huvilainisha vilivyokatwa. Na usijaribu robo. Miligramu 1.25 kwa wembe ni ya kubahatisha, siku moja unapata 0.8 na siku nyingine 1.7.

Sasa ratiba. Badala ya kuruka kutoka 10 hadi 7.5 kwa mkupuo, tumia siku za wiki. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa meza 7.5, yaani kidonge kimoja na nusu. Siku nne zilizobaki meza 10. Wastani unakuwa kama 8.9 kwa siku. Kaa hapo wiki nne, kisha 7.5 kila siku kwa wiki nne. Kisha siku zile tatu zishushe hadi 5, nyingine zibaki 7.5: wastani 6.4. Kisha 5 kila siku. Kisha siku tatu kwa 2.5 na nne kwa 5: wastani 3.9. Kisha 2.5 kila siku. Kwa njia hiyo hatua ya 2.5 inagawanyika mbili, na mwili hauoni pengo kubwa. Siku zenye dozi ndogo zisifuatane. Ziandikwe kwenye kalenda ya ukutani na kukatwa mstari kila asubuhi, kwa sababu ratiba ya siku mbalimbali ikibaki kichwani hupotea ndani ya wiki mbili.

Njia ya kumeza dozi mara mbili siku moja na kuacha kabisa siku inayofuata hutumika sana kwa watoto wenye ugonjwa wa figo wa kuvuja protini. Kwa maumivu ya viungo hatuipendekezi: siku isiyo na dawa inakuwa ya mateso, na mgonjwa anaishia kumeza kila siku.

Kuna pia wanaosaga kidonge ndani ya mililita 5 za maji na kuvuta mililita moja kwa sirinji wakiamini wamepata 1 mg. Haiko hivyo. Prednisoloni ya kawaida haiyeyuki vizuri kwenye maji. Chembe zake zinatuama chini, na unachovuta juu ni karibu maji matupu. Mwishoni unabaki na tope lenye dawa karibu yote.

Vinavyoshindana nacho

Dawa ya maji ndiyo mshindani wa kweli kwa hatua ndogo, na ni njia nzuri ukiwa na sirinji na ukisoma lebo. Tatizo liko kwenye nguvu zake: kuna ya 5 mg ndani ya 5 ml, kuna ya 15 mg ndani ya 5 ml, na kuna ya 5 mg ndani ya 1 ml. Anayetaka miligramu 4 atavuta 4 ml ya kwanza, 1.3 ml ya pili, lakini 0.8 ml tu ya tatu. Ukibadilishiwa chupa bila kusoma, unaweza kumeza mara tano ya dozi yako au moja ya tano yake. Mwambie mfamasia akuandikie kwenye chupa mililita ngapi, na kila ukinunua chupa mpya mwonyeshe ile ya zamani.

Vidonge vya 20 au 25 mg vinamfaa anayeanzia 60, asimeze vidonge 12 kila asubuhi. Akishuka chini ya 20 vinapaswa kutoka nyumbani. Vikibaki kabatini pamoja na vya 5 mg, na vyote ni vyeupe, siku moja taa ikizimika mtu atameza kimoja akidhani ni kingine.

Deksamethasoni hatuipi alama yoyote kwa kazi hii. Ndiyo inayotolewa mara nyingi prednisoloni inapoadimika, na ndiyo inayochanganywa kwenye vimfuko vya "dawa ya kunenepa" na kwenye baadhi ya dawa za unga za maumivu ya viungo zisizo na lebo. Miligramu 0.75 zake ni sawa na 5 za prednisoloni, kwa hiyo kidonge cha 0.5 mg tayari ni kama miligramu 3.3. Ubaya mkubwa ni muda wake: hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, hivyo tezi hazipati hata usiku mmoja wa kuamka. Prednisoloni ikimezwa asubuhi kabla ya saa 3, pamoja na chakula, kufikia alfajiri nguvu yake imepungua, na hapo ndipo ubongo unapata nafasi ya kuita tezi kazini. Kumeza usiku kunaziba nafasi hiyo na kunaharibu usingizi. Mtu aliyekuwa akitumia dawa ya unga "ya kienyeji" iliyomtuliza viungo kwa siku moja, akanenepa uso, amweleze daktari kabla ya kuiacha. Huenda amekuwa kwenye steroidi miezi mingi bila kujua.

Kinachoharibu safari

Kosa la kwanza ni kushuka bila dawa ya kushikilia ugonjwa. Prednisoloni inazima moto, haijengi ukuta. Kwa baridi yabisi, methotreksati inahitaji wiki 6 hadi 12 kabla haijashika. Anayeanza kushuka chini ya 10 wiki ya pili ya methotreksati anaondoa kimoja kabla kingine hakijafika. Na methotreksati humezwa mara moja kwa wiki, siku moja iliyochaguliwa, pamoja na foliki asidi kama alivyoandika daktari. Kuimeza kila siku kunaua. Kwa lupus, hidroksiklorokwini haipaswi kuzidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku: mwenye kilo 60 hazidishi 300, ambayo kwa vidonge vya 200 mg hupatikana kwa kumeza kimoja leo na viwili kesho. Nayo huchukua miezi kadhaa. Mapendekezo ya mabingwa wa Ulaya ya 2023 kuhusu lupus yanataka prednisoloni ya kudumu isizidi miligramu 5 kwa siku, na iachwe kabisa inapowezekana, kwa hiyo hii dawa ya pili ni sehemu ya kushuka kwenyewe.

La pili ni kioo. Uso umejaa, tumbo limetoka, chunusi zimeota, na watu wa mtaani wanasema. Mgonjwa, mara nyingi binti, anaacha dawa yote siku moja. Aambiwe mapema na waziwazi: uso huanza kurudi dozi inapokaa chini, na hurudi kwa miezi, si kwa siku. Kuacha ghafla hakuurudishi haraka zaidi, na kunaweza kumlaza hospitali.

Kisha kuna dawa zinazogongana. Rifampisini ya kifua kikuu inaharakisha mwili kuivunja prednisoloni kiasi kwamba dozi ile ile hufanya kazi kama nusu yake. Mtu aliye kwenye 10 akianza matibabu ya TB, ni kama ameshushwa ghafla. Daktari huongeza dozi, mara nyingi maradufu, na rifampisini ikiisha lazima akumbuke kuirudisha chini taratibu, maana athari yake hukoma baada ya wiki mbili hivi. Dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini hufanya vivyo hivyo. Upande wa ARV, zenye ritonaviri au kobisistati huipandisha prednisoloni damuni, efavirenzi huishusha, dolutegraviri haina tatizo hilo. Diklofenaki ya kununua bila cheti, ambayo wengi huimeza viungo vinapouma wakati wa kushuka, ikichanganywa na prednisoloni huongeza sana hatari ya vidonda vya tumbo na kutapika damu. Maumivu madogo yanamudu parasetamoli.

Mwenye kisukari asisahau kwamba sukari nayo inashuka dozi inaposhuka. Insulini au glibenklamidi iliyopangwa alipokuwa kwenye 40 itamwangusha akiwa kwenye 15. Apime sukari mchana na jioni kila baada ya hatua, kwa sababu prednisoloni ya asubuhi huipandisha zaidi nyakati hizo kuliko alfajiri, na kipimo cha asubuhi kabla ya chai kinaweza kumdanganya. Dawa za presha pia hupitiwa upya.

Mifupa na minyoo tunavipitia haraka: atakayekuwa kwenye steroidi zaidi ya miezi mitatu aulizie kalsiamu, vitamini D na kama anahitaji dawa ya mifupa, na anayeishi au aliyekulia maeneo ya joto na unyevu, kabla ya dozi kubwa, aulizie matibabu ya minyoo ya strongiloidi, kwani chini ya steroidi minyoo hao wanaweza kusambaa mwili mzima na kuua.

Maumivu haya ni ya nini?

Hapa ndipo uamuzi unapokosewa mara nyingi. Siku chache baada ya kushuka hatua, mwili unauma, uchovu unakuja, moyo unakosa raha. Mgonjwa anasema ugonjwa umerudi na kujipandisha hadi 20.

Mara nyingi ni mwili unaozoea upungufu. Maumivu yake yanatambaa misuli yote, viungo havivimbi, havina joto, na baada ya wiki moja au mbili yanafifia. Kinachotakiwa ni kubaki kwenye hatua hiyo muda mrefu zaidi, wala si kupanda. Yasipovumilika, rudi hatua moja tu nyuma.

Ugonjwa ukirudi kweli, unarudi kwa sura yake ile ile ya mwanzo na unazidi siku hadi siku: vidole vinavimba, asubuhi mikono imekakamaa zaidi ya saa nzima, upele unatokea mashavuni, mkojo una povu, miguu inavimba. Vipimo vya damu vya uvimbe, ESR na CRP, hupanda, na kwa lupus protini kwenye mkojo lazima ipimwe hata kama mgonjwa anajisikia mzima, kwani figo haziumi. Kawaida daktari humrudisha kwenye dozi ya mwisho iliyokuwa imeshikilia au juu kidogo, kisha hutazama dawa ya pili. Figo, ubongo au macho yakiguswa, hesabu ni nyingine na ni ya hospitali.

La tatu ni tezi kushindwa, na hili halisubiri. Kizunguzungu cha kusimama, kutapika, tumbo kuuma, presha kushuka, sukari kushuka, kuchanganyikiwa. Huyu anahitaji haidrokotisoni ya sindano, 100 mg, na dripu ya maji ya chumvi, sasa hivi. Awe na karatasi pochini au picha kwenye simu: jina la dawa, dozi ya leo, tarehe alipoanza, na maneno "anatumia steroidi, asikatishwe ghafla". Mhudumu wa zamu ya usiku asiyemjua ataanzia hapo.

Siku za homa ratiba inasimama. Mwenye homa, awe ana malaria au nimonia, hashuki hatua wiki hiyo. Aliye kati ya miligramu 3 na 10 kwa kawaida huelekezwa kumeza 5 asubuhi na 5 jioni mpaka homa iishe, kisha hurudi moja kwa moja kwenye dozi yake. Aliye juu ya 10 huigawa dozi yake asubuhi na jioni. Akitapika dawa muda mfupi baada ya kuimeza, airudie mara moja. Akitapika tena, aende hospitali kwa sindano. Maelekezo hayo yaandikwe na daktari kabla homa haijafika. Mwezi wa Ramadhani nao si wakati wa kushuka hatua. Aliyeruhusiwa na daktari wake kufunga anaimeza wakati wa daku pamoja na chakula, na akipata kizunguzungu au kutapika, anafungua saumu.

Miligramu 5 za mwisho

Kidonge kimoja kwa siku ni mahali pazuri pa kupumzika. Kwa wengine, hasa wenye lupus iliyowahi kugusa figo, ni mahali pa kubaki kwa muda mrefu, na hakuna aibu katika hilo. Anayetaka kuendelea ana njia mbili. Ya kwanza ni kushuka miligramu 1 kila wiki nne, au kwa hatua zile za siku tatu za wiki tulizozieleza. Ya pili ni kupima kortisoli ya asubuhi, saa 2 hadi saa 3, kabla ya kumeza dozi ya siku hiyo, yaani saa 24 baada ya ile ya jana. Ikizidi nanomoli 300 kwa lita, tezi zimeamka na dawa inaweza kuachwa. Ikiwa kati ya 150 na 300, baki kwenye dozi ndogo na upime tena baada ya wiki au miezi. Chini ya 150, tezi bado zimelala. Endelea na upime tena baada ya miezi kadhaa. Maabara nyingine huandika kwa mikrogramu kwa desilita, ambapo 10 ni sawa na ile 300 na 5 ni sawa na ile 150 kwa kukadiria, kwa hiyo tazama kipimo kilichoandikwa pembeni ya namba kabla ya kufurahi au kuhuzunika. Dawa za uzazi zenye estrojeni huipandisha namba hiyo kwa uongo. Mwambie daktari kama unazitumia.

Alama zetu kwa jumla: 9 kati ya 10 kwa safari ya 40 hadi 20, 7 kwa 20 hadi 10, na 4 chini ya hapo, zikipanda hadi 7 kikiambatana na vidonge vya 1 mg au dawa ya maji. Nunua vya hatua mbili mbele, siyo vya wiki moja, na kila ukipokea kimfuko kipya soma miligramu kabla ya kutoka dukani. Hata baada ya kidonge cha mwisho, kwa miezi 12 ile karatasi ibaki pochini: kabla ya upasuaji wowote, kujifungua, au ukilazwa kwa homa kali, mtajie mhudumu kwamba ulikuwa kwenye steroidi na uliacha lini.